Land Cruiser 80 kutoka petroli kwenda dizeli ya 1HZ: nguvu ilipotelea wapi mlimani?

Kisa hiki ni cha gari la kampuni ndogo ya utalii kaskazini mwa Tanzania. Mmiliki ameruhusu kiandikwe. Namba za gari, majina ya watu na ya gereji yameondolewa, na hesabu za kilomita, mafuta na gharama zimezungushwa. Walengwa ni mafundi na wenye magari wanaofikiria kubadili injini, ingawa sehemu kubwa ya maelezo inahusu tatizo lililojitokeza baada ya kila mtu kudhani kazi imekwisha.

## Gari na kazi yake

Gari ni Land Cruiser ya mfululizo wa 80, giaboksi ya mkono, lililotoka kiwandani na injini ya petroli 1FZ-FE: silinda sita, lita 4.5, mashine laini yenye nguvu kuliko zinavyohitajika kwenye njia za hifadhi. Lilikatwa paa la kufunguka, likaongezewa viti, na likawa linabeba wageni sita, dereva, mizigo na maji. Njia yake ya kawaida ilikuwa Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu hadi Ngorongoro, na mara nyingine kuvuka kwenda Serengeti. Kwa mwaka lilikuwa linatembea kama kilomita 30,000.

Gasketi ya silinda hedi iliungua msimu wa wageni wengi ukiendelea. Maji yakaingia kwenye oili, na hedi ilipopimwa ikaonekana imepinda. Mmiliki alikuwa tayari amechoka na bili ya petroli, maana gari likiwa na mzigo lilikuwa linakunywa karibu lita 22 kwa kila kilomita 100. Kwake, hedi iliyopinda ilikuwa nafasi ya kuondokana na petroli kabisa.

## Kwa nini 1HZ

Kutengeneza ile ile 1FZ ndiyo ingekuwa njia ya haraka na ya bei ndogo, na fundi mkuu hakulificha hilo. Mmiliki aliikataa kwa sababu ya mafuta tu.

Injini ya pili iliyojadiliwa ni 1HD-T, dizeli ya lita 4.2 yenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ingepanda milima vizuri zaidi kuliko nyingine zote za dizeli zilizokuwa mezani, lakini zilizopatikana sokoni zilikuwa chache na ghali, na zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa beringi za koni rodi kulika mapema. Ya tatu ni 1KZ-TE ya lita 3.0, ile ya kwenye Prado na Surf. Hiyo fundi aliikataa bila kusitasita: pampu yake inaongozwa kwa umeme, hedi yake haivumilii joto, na mwili wa 80 uliojaa watu ni mzigo mkubwa kwake.

Ikabaki 1HZ. Ni injini iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, silinda sita, cc 4,164, haina tabo, pampu yake ni ya kimakanika. Inatoa takriban nguvu za farasi 130 kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika, na msukumo wa Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Ukilinganisha na ile ya petroli iliyokuwa inapita farasi 200, kwenye karatasi huku ni kushuka daraja. Lakini gari la safari halishindani na mtu. Linatambaa gia ya pili likifuata simba, linasimama nusu saa injini ikiunguruma, kisha linapanda mlima taratibu. Kwa kazi hiyo msukumo wa mizunguko ya chini ni bora kuliko kasi.

Sababu iliyokata shauri ilikuwa ya vipuri. Toyota wenyewe waliuza mfululizo wa 80 ukiwa na 1HZ, kwa hiyo mikono ya kushikia injini kwenye chesisi, hauzingi ya klachi, flaiwili na mabomba ya maji ni vipuri vinavyopatikana kwenye magari yaliyochinjwa. Fundi aliweka sharti kwamba asichomelee kitu chochote kwenye chesisi. Tena 1HZ ndiyo iliyo ndani ya Land Cruiser nyingi za utalii na za mashirika ya misaada katika ukanda huu. Ikigoma Karatu, fundi wa Karatu anaijua.

## Kazi gerejini

Injini ilikuwa ya mtumba kutoka Japani. Kabla ya kulipa waliiwasha ikiwa chini sakafuni, wakafungua kifuniko cha oili kuona inapumua kiasi gani, wakapima kompresheni ya kila silinda, wakakagua kama oili ina dalili ya maji. Taimingi belti mpya, tenshona, pampu ya maji, thermostati na sili ya nyuma ya krenki vilifungwa injini ikiwa bado iko chini. Hapa sina la kukosoa. Ukinunua injini ya mtumba, kuamini belti uliyoikuta ndani yake ni kucheza kamari.

Kuiingiza ilikuwa kazi nyepesi kuliko walivyotarajia. Giaboksi ya zamani ilibaki. Shida zilianzia kwenye umeme, kwa sababu injini ilitoka kwenye gari la volti 24 na Land Cruiser hii ni ya volti 12.

Fundi umeme alibadilisha starta na soleno ya kuzimia mafuta kwenye pampu, zote zikawa za volti 12. Kwa alternata akaona njia ya mkato: ile ya injini ya petroli ilikuwa nzima na ni ya volti 12 tayari, basi akatengeneza kishikizo na kuifunga. Ilichaji bila tatizo. Gari liliposogezwa uani ndipo pedali ya breki ikawa ngumu kama inakanyagwa kwenye jiwe.

Injini ya petroli ina mlango wa hewa unaojifunga mguu ukitoka kwenye eksileta, na nyuma ya mlango huo ndiko busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, inakopata mvuto wake. Dizeli ya aina hii inavuta hewa bila kuzuiwa, kwa hiyo haina mvuto huo. Kwenye 1HZ kuna pampu ndogo ya vakyumu mgongoni mwa alternata, inayolainishwa na oili ya injini. Fundi umeme alipoitoa alternata ya volti 24 aliiondoa na pampu hiyo. Ilibidi itafutwe alternata ya volti 12 ya 1HZ yenye pampu yake, na gari likakaa siku kadhaa zaidi likiisubiri.

Tenki lilitolewa, likamwagwa petroli yote na kuoshwa. Hilo ni la lazima, kwani pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe na petroli huifuta. Lakini pampu ya umeme ya petroli, iliyokuwa imezama ndani ya tenki, iliachwa mahali pake. Hoja iliyotolewa ni kwamba haina umeme tena, haitadhuru kitu, na bomba lake linafika chini kabisa ya tenki. Maamuzi mengine yote ya kazi hii yalijadiliwa. Hili lilipita bila mtu kulitilia maanani.

## Safari ya kwanza na maelezo yaliyokubalika upesi

Mjini gari lilikwenda vizuri. Barabara ya Makuyuni lilishika mwendo wa kilomita 90 kwa saa bila malalamiko. Baada ya Mto wa Mbu, kwenye mpando wa ukingo wa Bonde la Ufa, likaanza kuchoka: gia ya tatu, ya pili, kisha ikawa kana kwamba mtu amelishika kwa nyuma. Likipumzishwa kidogo linapata nguvu, halafu linachoka tena. Kupanda kutoka geti la Lodoare hadi ukingo wa kreta ilikuwa mbaya zaidi.

Asubuhi, kambini juu ya ukingo kwenye baridi kali, halikuwaka mpaka liliposukumwa.

Dereva aliporudi alieleza yote mawili. Jibu la gereji lilikuwa moja kwa yote: huko ni juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo lazima ilalamike. Dereva akasema, "Lakini fundi, likichoka halitoi hata moshi." Kauli hiyo haikuandikwa kwenye kadi ya kazi.

Maelezo ya hewa nyepesi yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yalikubalika. Ukingo wa Ngorongoro uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hapo uzito wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kama hicho, yaani karibu sehemu moja ya tano.

## Skrubu ya pampu

Fundi mkuu aliamua kufidia kwa kuongeza mafuta. Nyuma ya pampu ya 1HZ kuna skrubu inayoweka kiwango cha juu cha dizeli inayokwenda kwenye nozeli. Aliizungusha kidogo, akajaribu mjini, gari likawa jepesi zaidi na likaanza kutoa moshi mweusi likiondoka. Mmiliki alifurahi. Alifikia hata kuuliza bei ya kufunga tabo.

Safari iliyofuata gari lilichoka pale pale, mlima ule ule. Dereva alirudi na taarifa mpya: mjini linatoa moshi kila likikanyagwa, lakini mlimani moshi unakatika kabla ya nguvu kukatika. Aliongeza kwamba tenki likiwa limejaa mpaka juu huwa lina afadhali.

## Dumu la dizeli

Mmiliki aliita fundi pampu kutoka gereji nyingine atoe maoni. Huyu hakufungua kitu. Alimuuliza dereva maswali marefu, kisha akaomba dumu la dizeli safi na mita mbili za mpira unaoonekana ndani. Dumu likafungwa juu, mpira ukaunganishwa moja kwa moja kwenye filta, tenki likarukwa kabisa. Wakapanda mlima wenye mteremko mkali nje ya mji wakiwa na mzigo wa mifuko ya mchanga.

Gari lilipanda bila kushusha gia mpaka juu, likiacha nyuma wingu jeusi. Waliporudisha mabomba ya tenki na kuacha kipande cha ule mpira katikati, likachoka, na kwenye mpira wakaona mapovu.

Tenki lilipofunguliwa, majibu yakawa wazi. Pampu ya 1HZ inajivutia dizeli yenyewe kutoka kwenye tenki, haisukumiwi na kitu. Hapa ilikuwa inalazimika kuvuta kupitia chujio laini la petroli na pampu ya umeme iliyokufa. Kwenye tambarare mahitaji ni madogo, kinachopita kinatosha. Kwenye mpando mrefu injini inataka zaidi kuliko kinachopita, mvuto unaongezeka, na hewa inaanza kupenya kwenye viungio vilivyolegea. Gari likipumzika, mafuta yanajaa tena.

Iliondolewa pampu, likawekwa bomba la wazi lenye kipenyo cha kufaa, vibano vyote vikabadilishwa, na kitenganisha maji kikafungwa kabla ya filta. Pampu ya dizeli ikapelekwa kwenye benchi ya vipimo kurudishwa kwenye kiwango chake, maana kwa mafuta yaliyoongezwa na njia iliyofunguka gari lilikuwa linatoa moshi kama tanuru la mkaa.

Tatizo la kuwaka asubuhi halikuhusiana na lolote kati ya haya. Hita plagi, zinazopasha joto injini ya dizeli wakati wa kuiwasha, zilikuwa bado ni zile za volti 24. Zikipewa volti 12 hutoa takriban robo tu ya joto lake, na 1HZ, yenye chumba cha awali cha mwako, haiwaki kwenye baridi bila joto hilo. Arusha mchana hakuna aliyegundua. Plagi sita za volti 12 zilimaliza habari.

## Matokeo

Baada ya marekebisho gari linapanda Ngorongoro na wageni sita kwa gia ya tatu sehemu kubwa ya njia, ya pili kwenye kona kali. Ni polepole kuliko lilivyokuwa na petroli, na dereva analisema hilo kila anapoulizwa. Matumizi yameshuka hadi karibu lita 14 kwa kilomita 100. Joto halijapanda hata likitambaa mchana kutwa ndani ya kreta. Wazo la tabo liliachwa: hedi ya 1HZ haikuundwa kwa joto la ziada, na nyufa kati ya vali ni ugonjwa unaojulikana kwa zile zilizofungwa tabo au kuongezewa mafuta ovyo.

Kadi ya gari ilibadilishwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kwa kuchelewa, gari likiwa limeshafanya safari kadhaa. Kadi inataja namba ya injini, uwezo wake na aina ya mafuta, na vyote vitatu vilikuwa havilingani na kilichokuwa chini ya boneti. Kama lingepata ajali katika kipindi hicho, kampuni ya bima ingekuwa na sababu ya kuanza kuuliza maswali. Karatasi za injini zilikuwepo tangu siku ya kununua, kwa hiyo uchelewaji huu hauna utetezi.

## Uchambuzi

Uchaguzi wa injini ulikuwa sahihi, na sharti la kutochomelea liliokoa pesa na muda. Nawajua wengi ambao wangeweka injini yenye nguvu zaidi kwa ajili ya sifa, halafu wakalipia kila kipuri kwa kuagiza.

Kosa lenye gharama halikuwa kuacha pampu ndani ya tenki. Hilo ni la kusahau, na lingerekebishwa kwa nusu siku. Kosa ni namna gereji ilivyokubali hadithi ya hewa nyepesi bila kuipima, wakati vipimo vitatu vilikuwa mkononi bila kifaa chochote.

Kwanza, moshi. Hewa ikipungua na mafuta yakabaki yale yale, mafuta yasiyoungua vizuri hutoka meusi. Injini inayokosa hewa hutoa moshi mwingi zaidi. Inayokosa mafuta huishiwa nguvu kimyakimya, bila moshi. Dereva alilisema hili siku ya kwanza. Alilisema tena kwa ufasaha zaidi mara ya pili, kwamba moshi unatangulia kukatika. Kwa fundi anayesikiliza, sentensi hiyo ingetosha.

Pili, ramani. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400. Ziwa Manyara liko karibu mita 960, na Mto wa Mbu uko jirani yake. Mpando wa ukingo unaanzia huko chini, kwa hiyo gari lilipoanza kuchoka lilikuwa kwenye hewa nzito kuliko ya gereji lilikofungwa. Kama hewa nyepesi ndiyo mchawi, angelikamata gari Arusha kwanza.

Tatu, hesabu. Kutoka Arusha hadi ukingo wa kreta hewa inapungua kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Gari lililo sawa Arusha lingepoteza kiasi hicho, yaani dereva angeshusha gia mapema kidogo. Gari hili lilikuwa linakaribia kusimama.

Na tiba iliyofuata ilizidisha ugonjwa. Kuongeza mafuta kwenye skrubu kulizaa moshi mjini na kukaficha dalili, na pampu yenyewe iliendelea kukosa dizeli ya kuilainisha mlimani. Ingeachwa msimu mzima, bei ya pampu ingekuwa juu ya bei ya makosa mengine yote. Laiti lile dumu la dizeli lingetumika kabla ya bisibisi, skrubu isingeguswa.

Suala la volti 24 lilishughulikiwa vipande vipande: starta leo, soleno kesho, alternata kwa njia ya mkato, hita plagi zikasahaulika. Injini inapotoka kwenye gari la volti tofauti, kila kitu kinachopokea waya kiandikwe kabla ya kununua, na kila kifaa kiulizwe kinafanya kazi gani nyingine. Alternata ya dizeli hii, kwa mfano, ni sehemu ya breki.

Kuhusu pesa, akiba ni lita 8 kwa kilomita 100. Kwa kilomita 30,000 hizo ni lita 2,400 kwa mwaka. Tukichukua bei ya shilingi 3,000 kwa lita ili kurahisisha, ni shilingi milioni 7.2. Gharama zote, pamoja na alternata ya pili, benchi ya pampu na safari za majaribio, zilikuwa karibu mara mbili ya kiasi hicho, maana yake pesa inarudi baada ya takriban miaka miwili. Kwa gari la safari inalipa. Mtu mwenye 80 ya petroli anayeitembeza kilomita 8,000 kwa mwaka, nyumbani, ofisini na shambani, angesubiri zaidi ya miaka saba, na huyo namshauri atengeneze hedi ya 1FZ yake.